Jinsi ya kuandaa baraza la wananchi chini ya mkorosho, kwa matawi ya chama huku kusini

Ndugu zangu wa matawi, nyie wa Tandahimba, Newala, Masasi na wenzetu wa upande wa Lindi, Mtama, Nachingwea na Ruangwa, makatibu wengi wamekuwa wakiniuliza haya mabaraza yetu ya kila mwezi tunayaendeshaje mpaka watu wanakuja wenyewe bila kubebwa na gari, sasa naandika yote kwa pamoja ili kila tawi lichukue linalolifaa.

Kwanza tuelewane, baraza sio mkutano wa hadhara. Kwenye mkutano wa hadhara kiongozi anapanda jukwaani, anaongea, watu wanapiga makofi, wanaondoka. Kwenye baraza chama kinatandika mkeka tu, anayeongea ni mwananchi, na chama ndo kinaondoka na kazi. Sisi ni chama cha mrengo wa kushoto, kila siku tunasema mali ni ya wanaoitolea jasho, basi mkulima wa korosho asipoweza kumaliza sentensi yake kwenye mkeka wetu sijui atamalizia wapi.

Anza na swali, na liwe moja. Usiite watu kujadili "maendeleo" au "changamoto za wananchi" maana hapo utapata malalamiko 40 na hakuna hata moja utakaloweza kulibeba. Baraza letu lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa na swali hili: kilo yako moja ya korosho imekatwa shilingi ngapi na zimekwenda wapi? Tulimwambia kila mtu aje na karatasi yake ya mzani na ujumbe wa benki kwenye simu. Tukabandika bango kitita kwenye shina la mkorosho, mtu mmoja aliyejitolea akasoma kilo zake, tukazidisha kwa bei ya mnada iliyotangazwa siku ile, tukatoa pesa iliyoingia kwenye akaunti, kilichobaki ndo makato. Hesabu ya darasa la tano tu. Lakini ukimya uliopita pale wakati namba ya mwisho inaandikwa sitausahau, maana wazee walikuwa wanauza kwa stakabadhi ghalani, yani korosho inawekwa ghalani kwanza alafu inauzwa kwa mnada, toka msimu wa 2007/2008 na wengine hawajawahi kukaa na mtu akawapigia hiyo hesabu mbele yao. Alafu angalia, hatukusema kuna mwizi. Makato mengine yana maelezo yake, kuna usafiri, kuna gharama za ghala, kuna AMCOS yenyewe, yani ushirika wa msingi wa wakulima unaopima na kukusanya korosho, na chama kikuu cha ushirika, kwaiyo swali linabaki swali na tunakwenda kuuliza kwa wenye majibu.

Barua sasa, hapa wengi mnateleza. Sheria ya Vyama vya Siasa inatupa haki ya kukutana na inatutaka tumpe taarifa polisi wa eneo saa 48 kabla kama tunakutana hadharani. Ni taarifa. Mnaosema "mkorosho upo nyuma ya nyumba ya mwanachama hicho ni kikao cha ndani" nawaelewa, ila mimi naandika barua kila mara, kwasababu baraza likivunjwa katikati anayepata hofu ni yule bibi aliyekuja mara ya kwanza, na akiondoka na hofu harudi. Andika nakala tatu: moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, moja kwa mtendaji wa kijiji kwa heshima tu, moja unabaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Weka tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, jambo linalojadiliwa, na jina la mtu mmoja anayewajibika. Usipige simu ukadhani umetoa taarifa. Na usipeleke zikiwa zimebaki saa 48 kamili, peleka siku tano kabla, maana ukiambiwa karatasi haijakaa sawa unakuwa na muda wa kuirekebisha bila kugombana na mtu.

Kumbuka pia mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa toka 2016 mpaka Rais Samia alipoiruhusu tena tarehe 3 Januari 2023. Maana yake kijana wa miaka 24 leo amekua mtu mzima bila kuona chama cha upinzani kikikaa na watu kijijini kwake kama kitu cha kawaida. Anasimama mbali, amepaki bodaboda, anasikiliza na injini inaunguruma. Usimwite kwa kipaza sauti njoo kaa hapa. Mwache, mwezi unaofuata atazima injini.

Mahali. Mkorosho mkubwa kivuli chake kinatosha watu 60, ila uliza kwanza shamba ni la nani na lina kesi au halina, maana huku kwetu shamba linaweza kuwa la ukoo wa mama na wajomba hawajaelewana, ukikaa hapo unaonekana umechukua upande. Usifanyie kwa kiongozi wa AMCOS hata kama ni mwanachama wetu mzuri, mkulima hawezi kuuliza habari ya mzani akiwa amekaa uani kwa mwenye mzani. Msikiti na kanisa hapana, siasa haziingii huko. Bendera ya chama weka moja, ndogo, ili mtu ajue amekaribishwa na nani asije kusema amedanganywa, basi. Hakuna kugawa kadi siku ya baraza, hakuna fulana, hakuna nauli. Anayetaka kadi anajua ofisi ilipo. Tunapika uji, na wakina mama wa tawi wanachemsha ming'oko kama ni msimu wake, kila mtu anachangia alichonacho na wageni wanakula.

Saa ndo kitu nilichokosea mwaka wa kwanza mzima. Tulikuwa tunaanza saa 11 jioni, tunapata wanaume 50 na wanawake wanne, nikawa nasema wanawake wa huku hawapendi siasa. Mpaka shangazi mmoja akaniambia mwanangu, saa 11 mimi niko na ndoo kichwani, nikitoka hapo naweka chungu jikoni, wewe siasa zako umeziweka kwenye saa ya maji. Mnaoijua nchi ya juu huku Umakondeni mnajua maji yalivyo ya shida. Tukasogeza saa 8 mchana, tunasimama kwa swala ya alasiri, tunarudi, saa 11 kasoro tumemaliza. Sasa wanawake ni zaidi ya nusu, na swali la maji ambalo halikuwahi kutajwa likawa la kwanza. Kwaiyo kabla ya kupanga saa waulize wanawake, tena waulizwe na mwanamke mwenzao. Mwezi Mei mpaka Julai watu wanapulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, alfajiri, wanachoka, baraza liwe fupi. Msimu wa minada ukiingia Oktoba usikose hata mwezi mmoja. Ijumaa usiguse, Ramadhani tunahamia usiku baada ya tarawehe, na vijiji vyenye wakristo wengi kama vya Masasi Jumapili mchana inafaa ila sio asubuhi.

Kualika ni miguu. Grupu la WhatsApp linawafikia wale wale. Pita nyumba kwa nyumba siku mbili, kaa kijiwe cha bodaboda, nenda kwenye kikoba cha wakina mama wakimaliza hesabu zao, na waalike wanachama wa chama tawala kwa majina yao, kabisa, mwambie mjomba karibu, tunajadili makato, na wewe una mikorosho. Watakuja. Makato hayaangalii kadi.

Siku yenyewe, kaeni duara, hakuna meza kuu, hakuna viti vya plastiki kwa viongozi wakati wazee wako kwenye jamvi. Anayeongoza asiwe mwenyekiti wa tawi. Tafuta mtu anayeheshimika na anayejua kunyamaza, sisi tunaye mwalimu mstaafu wa kike. Tunatumia fimbo, mwenye fimbo ndo anaongea, dakika tatu, akimaliza anampa mtu wa upande mwingine wa duara. Wanawake wawili wanaanza kila mara kabla mwanaume hajagusa fimbo, mwanzoni wanaume walinuna, sasa wamezoea. Anayetaka kuongea Kimakonde aongee Kimakonde, mtu mmoja anatafsiri, maana kuna wazee wakiongea Kiswahili wanasema nusu ya wanalofikiria. Ukiona watu wamekauka wagawe watatu watatu wanong'one kwa dakika tano alafu mmoja aseme walichosema wote, hapo aliyeogopa kusema "mimi" anasema "sisi" na neno linatoka.

Kiongozi wa chama anapewa dakika kumi, mwishoni. Hili msilegeze. Kuna siku mgeni wetu mmoja kutoka ngazi za juu alifika kachelewa, akachukua fimbo, akahutubia saa nzima, na mama aliyekuwa amebeba swali la mtoto wake aliyenyimwa mkopo wa vijana akaondoka nalo. Mwezi uliofuata hakuja. Tulimfuata nyumbani kumuomba radhi, swali tukalichukua, lakini ilituchukua miezi mitatu kumrudisha.

Mambo mawili yanahitaji mkono mwepesi. La kwanza ni kangomba, yani kuuza korosho kwa mlanguzi nje ya mnada kwa kipimo cha bakuli na bei ya chini, maana kwenye duara kuna anayeuza kwa kangomba kwasababu mtoto anaumwa na pesa ya mnada haijafika, na kuna anayenunua. Usimnyooshee mtu kidole, uliza ni kitu gani kinamfanya mtu auze kwa kipimo kile. La pili ni gesi. Mtu akitaja gesi hapa Mtwara anataja 2013, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na mwaka ule kuna waliopoteza maisha. Usitumie hilo kupandisha mori watu. Anayetaka kusimulia asimulie mpaka amalize, fimbo isiharakishwe, na kama duara limenyamaza linyamaze.

Picha: usimpige mtu picha akiongea. Piga migongo, piga bango kitita, piga uji. Kuna dada picha yake ilisambaa na maneno aliyoyasema kuhusu mzani na maisha yake yakawa magumu kwa muda mrefu. Kwenye daftari pia tunaandika swali bila jina isipokuwa mwenyewe ametaka.

Daftari ndo roho ya yote. Kila swali lina safu tatu: swali lenyewe, nani analibeba, tarehe ya kurudisha jibu. Sio "chama kitafuatilia". Mtu, na tarehe, sisi tunaweka siku 14. Mengine ni barua kwa mtendaji, mengine AMCOS, mengine halmashauri, mfano ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, vikundi vingapi vimepata na vipi. Na yale ya kijiji msiyamalizie kwenye mkeka wa chama, yabebeni mpaka mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, pale kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana sauti, awe na kadi yoyote au asiwe nayo, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Mwezi kabla fanyeni mazoezi kwenye baraza, nani atasimama, atauliza nini, kwa maneno gani.

Baraza linalofuata lifunguliwe kwa daftari kabla ya salamu za chama. Soma swali la kwanza, soma jina la aliyelibeba, asimame aseme alipofika. Kama hajapata jibu aseme sijapata, nilikwenda siku fulani nikaambiwa hivi. Mara ya kwanza tulipofanya hivi nilikuwa na maswali tisa na majibu mawili tu, magoti yananitetemeka, nikasoma yote tisa. Shangazi wa saa ya maji akanyoosha mkono akasema hilo la saba nipe mimi, mtendaji namfahamu, nitakwenda Jumatatu.