Somo: Draisuti ya kupimiwa haijakamilika mpaka ukate mpira wa shingo

Wapendwa, habari za siku. Wengi mmehamia nchi za baridi na bado mnataka kupiga mbizi, na swali la draisuti, yaani suti ya kuzamia isiyoingiza maji, linarudi kila wiki, kwa hiyo leo naliandika kwa kirefu.

Mimi nimelelewa na maji ya Pemba. Huko suti ya kawaida ya kuzamia yenye unene wa milimita 3 inatosha, siku nyingine hata fulana tu. Sasa nipo Uskoti, na mwezi wa tatu bahari ya hapa iko kama nyuzi 7. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, na ndani ya nusu saa vidole havishiki tena. Draisuti nyingi zenyewe hazina joto la maana. Kazi yake ni kuzuia maji. Joto linatoka kwenye ovaroli nzito unayovaa ndani, na hewa iliyonaswa humo. Shika hilo kwanza, maana makosa mengi ya vipimo yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Pimwa ukiwa umevaa

Vaa ovaroli ile ile utakayozamia, ile ya majira ya baridi, ndipo upimwe. Suti yangu ya kwanza nilipimwa nikiwa na fulana nyepesi. Ilipofika ilinikaa vizuri kama kanzu ya Idi. Nilipovaa ovaroli ndani yake, sikuweza kuinua mkono kupita sikio. Nyongeza ya kitambaa begani ilinigharimu fedha na miezi miwili ya kusubiri.

Kipimo kinachosahaulika sana ni cha kiwiliwili: utepe utoke begani, ushuke kifuani, upite katikati ya miguu, upande mgongoni na kurudi begani pale pale. Kikipungua, suti inakuvuta chini kila ukiinama. Usijipime mwenyewe, mwombe mtu.

Hatua ya 2: Ijaribu nchi kavu

Usikate chochote bado. Funga zipu, chuchumaa mpaka chini, kumbatia mabega yako mwenyewe, kisha peleka mkono nyuma ya kichwa kana kwamba unafunga vali ya mtungi wa hewa ulio mgongoni. Ukishindwa kuifikia sebuleni, majini hutaifikia. Angalia na miguu: soksi ya suti ikiwa kubwa, hewa hukimbilia huko na mapezi huchomoka. Kasoro ya mshono irudishe kiwandani sasa, kabla suti haijaonja chumvi.

Hatua ya 3: Shingo

Hapa ndipo nataka mtulie.

Mpira wa shingo, ule unaobana shingoni kuzuia maji yasiingie, ukiwa wa lateksi (mpira laini unaovutika) huja mwembamba kwa makusudi, umbo la koni, ukiwa na mistari ya mviringo. Usiku wa kwanza uvute juu ya kopo laini la plastiki lililo pana kidogo kuliko shingo yako, uache hadi asubuhi. Mara nyingi hilo peke yake hupunguza nusu ya tatizo.

Kisha uvae, ukae nao dakika 20 ukitembea nyumbani. Kubana kidogo ni sawa. Ukiona uso unavimba, kichwa kinakuwa chepesi au macho yanaingia giza, vua mara moja. Pembeni mwa koo kuna mishipa inayopima shinikizo la damu. Ikibanwa, moyo hupunguza mapigo na mtu anaweza kuzimia. Majini hilo ni jambo la uhai.

Ukibana, kata mstari mmoja. Mmoja tu. Chukua mkasi mrefu wenye makali, mwenzako aunyooshe mpira, nawe ukate mfululizo bila kuinua mkasi, maana kila kona ndogo unayoiacha ndipo mpira utakapochanikia. Vaa tena dakika 20. Mimi nilifika mstari wa tatu, na kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Aliyekata mistari minne kwa mpigo ananunua mpira mwingine.

Mipira ya mikono inafuata njia hiyo hiyo. Ipandishe juu ya mfupa wa kifundo, kwa sababu ukikunja ngumi kano za mkono zinasimama na kufungua vijia vya maji.

Hatua ya 4: Maji ya kina kifupi kwanza, ukiwa na mwalimu

Ukifika mita 10, hewa ya ndani ya suti imebaki nusu ya ujazo wake, na suti inakufinya. Ongeza kidogo kidogo kwa vali ya kifuani. Wakati wa kupanda hewa inatanuka, kwa hiyo vali ya mkono wa kushoto iwe wazi kabisa, na kiwiko ukiinue ili iwe sehemu ya juu kuliko zote. Fanya mazoezi ya kujigeuza pia: hewa ikienda miguuni, kunja magoti, jibingirishe, simama wima, toa hewa.

Risasi, yaani vyuma vizito vya kukuzamisha, itaongezeka, usishangae. Ipime mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo, shinikizo la baa 50, nawe ukiwa mita 5: utulie hapo bila kupambana.

Hatua ya 5: Utunzaji

Suuza kwa maji baridi, kausha kivulini. Zipu ya shaba ipakwe nta kwenye meno upande wa nje na ihifadhiwe wazi. Ya plastiki inataka grisi ya silikoni kidogo tu, pale kishikizo kinapoishia. Mipira ipakwe poda isiyo na manukato.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Bergen:* Shikamoo mwalimu. Nimesuka rasta na shingo inavuja kila mara. Ninyoe?

Marahaba dada, usinyoe. Unywele mmoja tu chini ya mpira unaleta maji. Kusanya rasta zote ndani ya kofia ya nailoni kabla ya kupitisha kichwa, kisha zungusha kidole ukiondoa zilizobaki. Na mafuta ya nazi, tafadhali, usipake shingoni siku hiyo. Mafuta yanaila lateksi, ndani ya miezi inanata kama ubani.

*Mwanachama, Glasgow:* Kaka, natoka nimelowa. Nitajuaje kama ni jasho?

Unyevu uliosambaa sawasawa ni jasho. Ukilowa sehemu moja, ni tundu au mpira. Ziba mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa kuchezea, ijaze suti hewa, pakaa maji ya sabuni. Panapotoka mapovu ndipo penye kazi.

*Mwanachama, Malmö:* Lateksi inanitoa vipele. Nifanyeje?

Omba mipira ya silikoni. Haishiki gundi, kwa hiyo suti iwe na pete maalumu za kuibania. Inachanika kirahisi kuliko lateksi. Tembea na ya akiba.

*Mwanachama, Oslo:* Nimepata ya mtumba, alipimiwa mtu wa urefu wangu. Ninunue?

Urefu hautoshi ndugu yangu. Nenda na ovaroli yako, ivae, chuchumaa, fikia vali nyuma ya kichwa. Mipira inabadilishwa, hata zipu inabadilishwa. Kiwiliwili kikiwa kifupi, iache.