Kufungua sensa ya hewa iliyokufa: jinsi ya kuipasua na cha kutazama ndani

Maelezo haya ni ya sensa ya MAF (kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini) ya Denso yenye pini tano, ile inayochomekwa kwenye bomba la hewa baada ya chujio na kufungwa kwa skrubu mbili. Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinayo. Ukishaipasua hairudi kwenye gari, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba imekufa kweli.

Kagua bomba la mpira kati ya sensa na throto, yaani mlango wa hewa wa injini. Ikunjue mikunjo yake kwa vidole, kwa sababu ufa hujificha ndani ya mkunjo. Hewa ikipenya hapo haipimwi, injini inapungukiwa mafuta, kodi P0171 (namba ya hitilafu inayoandikwa na kompyuta ya gari) inatokea, na sensa isiyo na kosa inabebeshwa lawama. Kisha washa swichi bila kupiga stata, soketi ikiwa imechomekwa. Kwenye pini ya umeme, +B, utarajie volti za betri. Weka multimita (kipima umeme) kati ya pini ya ishara, VG, na pini yake ya ardhi, E2G, upulize kwa mdomo kwenye tundu la sensa: volti lazima zipande, na ukiacha zishuke. Zikiganda chini ya volti 0.2 kompyuta huandika P0102. Zikiganda juu ya 4.9 huandika P0103. Kabla ya kuihukumu sensa, fuata waya mpaka kwenye kompyuta, maana waya uliokatika nao huleta P0102.

Ikithibitika, zima swichi, chomoa soketi, fungua skrubu kwa bisibisi ya nyota na uvute sensa wima. Ziba tundu la bomba kwa kitambaa safi. Vaa miwani, kwa kuwa plastiki hii hukatika kwa kuruka.

Kifuniko cha bapa kilicho juu ya kichwa cha sensa kimegandishwa kwa gundi ndani ya mfereji. Kipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache, kisha pitisha ncha ya kisu chembamba kwenye mshono, kuzunguka pande zote, usizamishe zaidi ya milimita moja au mbili. Anza kunyanyua upande ulio mbali na soketi. Upande wa soketi ndiko pini zinakoungana na kibao cha saketi. Ukianzia huko utang'oa viungo, halafu hutajua kama vilikatika zamani au umevikata wewe.

Kikifunguka utaona utomvu mlaini unaong'aa kama jeli. Usiukwangue mara moja! Umewekwa kuzuia unyevu, na ndani yake mna nyuzi za chuma nyembamba kama unywele zinazounganisha kibao na pini. Kwa kuwa unapitisha mwanga, mulika tochi kutoka ubavuni, karibu na usawa wa meza, utazame kwa lenzi. Uzi mzima hutoa mstari mmoja unaong'aa kutoka ncha hadi ncha. Uliokatika huonyesha mapengo, mara nyingi penye kisigino chake, pale unapogusa kibao, kwa sababu mtikisiko na joto la injini huuchosha hapo. Tafuta pia rangi ya kijani kwenye pini: hiyo ni kutu ya maji, na kuosha injini kwa pampu ya presha ndiko kunakoyaingiza. Ukimaliza kutazama, ondoa jeli kwa njiti ya meno, kuanzia kingoni.

Sasa mdomo wa sensa, ile sehemu inayoingia ndani ya bomba la hewa. Upasue kwa urefu kwa msumeno mwembamba, pembeni mwa njia ya hewa. Ndani mna vipande viwili vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja kikishikwa na nguzo mbili za chuma. Kimoja hupashwa moto, cha pili husoma joto la hewa inayoingia. Saketi hukishikilia kile cha kwanza kiwe na moto zaidi ya hewa kwa kiasi kilekile; hewa ikizidi hukipoza, umeme unaongezwa, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa volti za VG.

Linganisha upande unaokabili hewa na ule wa nyuma. Vumbi jekundu lililoshikana na mafuta hufanya blanketi: kipande hakipoi inavyopaswa, sensa inasoma hewa pungufu, gari linakosa nguvu ukikanyaga. Chujio lisilokaa sawasawa au lililopakwa mafuta kupita kiasi ndilo chanzo cha kawaida. Kama huo uchafu ndio kosa pekee unaloona, sensa hii ingepona kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia MAF, bila kuguswa na brashi wala upepo wa kompresa. Ukipima kama kipande kimekatika, kata kwanza nguzo moja. Usipofanya hivyo multimita itasoma kupitia saketi na kukudanganya.

Kidonge kilichotokeza nje ya mdomo ni kipimo cha joto la hewa kwa ajili ya kompyuta. Kipime kwenye pini THA na E2: kwa nyuzijoto 20 kiwe kati ya kiloomu 2.21 na 2.69. Kinaweza kuwa kizima hata kama sehemu nyingine zote zimekufa.

Usigandishe kifuniko ukairudisha sensa garini. Unyevu utaingia, na kipande cha plastiki kikikatika kitafyonzwa na injini. Funga mpya, paka tone la mafuta ya injini kwenye ringi ya mpira, kaza skrubu kwa mkono tu, kisha futa kodi.