Njia ya Msalaba mtaani: mwongozo kwa kiongozi wa jumuiya

Msalaba umetangulia na kiongozi anasoma kituo cha 4. Mita 80 nyuma yake, akina mama wenye watoto mgongoni bado wanaimba wimbo wa kituo cha 3. Hapo sala imekatika vipande viwili: wa mbele wanasali, wa nyuma wanatembea tu. Karibu kila kinachoharibu Njia ya Msalaba ya barabarani, sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, kinaanzia hapo. Ndiyo maana katika mwongozo huu kila jambo linapimwa kwa mtu mmoja, yule wa mwisho kabisa kwenye msururu. Yeye akisali, wote wamesali.

Kwaresima ina Ijumaa 7, ukianza na ile inayofuata Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu yenyewe. Sita za kwanza husaliwa kanisani, au nyumba kwa nyumba mkiwa watu 20 au 30, na hizo ndizo shule yenu. Jumuiya iliyozikosa hujulikana mapema siku ya Ijumaa Kuu. Wasomaji wanatafutana, wimbo unaanzishwa na watu watatu kwa sauti tatu, na kila kituo kinarefuka kuliko kilichotangulia.

Kitabu kimoja

Chagueni kitabu kimoja na msikiache. Vituo vya desturi ni 14, idadi iliyowekwa na Papa Klementi XII mwaka 1731, tangu Yesu kuhukumiwa hadi kuzikwa. Baadhi yake havimo katika Injili: kuanguka mara 3, kukutana na Mama yake njiani, Veronika kumpangusa uso. Mwaka 1991, kwenye Kolosei mjini Roma, Papa Yohane Paulo II alitumia mpangilio mwingine unaofuata Injili peke yake, ukianzia Gethsemani. Mipangilio yote miwili ni halali. Kosa ni kuichanganya: msomaji mmoja ameshika kijitabu cha parokia, mwenzake amepakua toleo jingine kwenye simu, na kufikia kituo cha 4 mmoja anasoma Yesu kukutana na Mama yake ilhali mwingine anasoma Petro kumkana Bwana. Kiongozi wa liturujia akague vitabu vyote Alhamisi jioni.

Kila kituo kifuate mwendo uleule bila kubadilika, maana watu wa nyuma hufuata kwa mazoea hata pale wasiposikia vizuri. Kiongozi anataja namba na jina la kituo. Anasema, "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," na watu wakipiga goti wanaitikia, "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa Msalaba wako mtakatifu." Wanasimama. Inafuata tafakari, kisha kimya, halafu Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe. Mwishoni yanakuja maombi ya huruma na ya kuwakumbuka marehemu, ndipo wimbo unaanza na msalaba unasogea. Penye matope au kokoto kali, kuinamisha kichwa kunatosha. Wazee wasilazimishwe kupiga goti kwenye lami.

Kimya ndicho huwa cha kwanza kukatwa muda ukibana, nacho ndicho kisichofaa kukatwa. Kiongozi ahesabu moyoni hadi 20, polepole. Mara ya kwanza kitaonekana kirefu mno na mtu atakohoa au kuanzisha wimbo kabla ya wakati. Kufikia Ijumaa ya tatu watakizoea na kukihitaji.

Kuhusu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa: hupatikana kwa kusali mbele ya vituo vilivyosimikwa kihalali, kama vile vya kanisani, pamoja na masharti ya kawaida, yaani kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliokataa dhambi hata ile ndogo. Mnaposali wengi kanisani na nafasi ni finyu, inatosha kiongozi atembee kutoka kituo hadi kituo huku wengine wakibaki kwenye viti na kugeuka wamfuate kwa macho. Hakuna haja ya watu 300 kubanana kwenye ujia mmoja.

Wasomaji na tafakari

Gawieni vituo Jumapili baada ya Misa. Msingoje Ijumaa dakika tano kabla ya kuanza. Changanyeni watu: mzee wa CMA (chama cha wanaume Wakatoliki), mama wa CWA (chama cha wanawake Wakatoliki), kijana, mtoto anayejua kusoma. Kila mmoja asome kipande chake nyumbani kwa sauti mara 3, hasa majina kama Simoni wa Kirene na Yosefu wa Arimathaya. Msomaji akijikwaa kwenye jina, watoto hucheka na kituo kizima kinapotea.

Tafakari isizidi sentensi 5. Ikirefuka hugeuka mahubiri, na barabarani hakuna anayesimama kwenye jua kusikiliza mahubiri 14. Kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, kinachotolewa kila mwaka na Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya kupitia Tume ya Haki na Amani, kina mada ya kila wiki. Chukueni nia humo mziweke kwenye kituo kinachofaa. Kituo cha 8, wanawake wa Yerusalemu, ni mahali pa kuwaombea wajane wanaogombaniwa mashamba na jamaa za marehemu. Kituo cha 10, Yesu kuvuliwa nguo, kinawafaa waliopoteza kila kitu katika mafuriko ya Nyando na Budalang'i. Nia iwe ya watu wanaojulikana kuwapo, lakini asitajwe mtu kwa jina, wala asipigwe jirani vijembe kwa kisingizio cha sala. Mwenye ugomvi na mwenzake wa jumuiya asipewe kituo cha kuandika tafakari hadi wapatane. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu watu hutambua upesi anayesemwa.

Lugha hutegemea mahali. Jumuiya ya Kaptembwo au Langa Langa mjini Nakuru ina Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo na Wakalenjin kwenye benchi moja. Hapo sala zote ziwe kwa Kiswahili, na nyimbo ndizo zipokezane lugha. Kijijini kando ya Kisumu ambako wote husali kwa Dholuo, endeleeni kwa Dholuo.

Kupima njia

Njia ya Ijumaa Kuu isipite kilomita 2. Vituo 14 vina nafasi 13 katikati yake, kwa hiyo kila nafasi ni kama mita 150, umbali unaotosha beti 2 au 3 za wimbo. Kituo kimoja nje huchukua dakika 4, jumla dakika 56. Umati unaoimba hutembea kilomita 2 kwa takriban dakika 40. Ongezeni dakika 15 za kungojana, nanyi mtatumia karibu saa 2. Zaidi ya hapo wazee huanza kuacha msururu mmoja mmoja.

Mtu mmoja aitembee njia hiyo wiki moja kabla, saa ileile ya sala, akiwa na chaki au vitambaa vya zambarau vya kuwekea alama. Achunguze mambo ambayo ramani haionyeshi: mtaro uliofurika katika mitaa ya Kisumu kama Manyatta au Nyalenda, soko linalofunga barabara siku fulani, kona yenye stendi ya bodaboda, baa inayopiga muziki. Kituo kisiwekwe kwenye mteremko, kwa sababu msalaba huonekana vizuri ukiwa juu ya watu na huzama ukiwa chini yao. Kila kituo kinahitaji uwanja wa kukusanyika. Kichochoro cha upana wa mita 3 kinafaa kupitia lakini hakifai kusimama, kwani nusu ya watu watabaki nyuma ya kona bila kuona wala kusikia.

Familia zinazotaka kituo mbele ya nyumba yao ziandae meza, kitambaa cheupe au cha zambarau, msalaba mdogo na mshumaa. Chakula hakitakiwi. Nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani ifikiriwe kwanza, na kituo cha 6, Veronika kumpangusa Yesu uso, kinaifaa sana, lakini mwulizeni mgonjwa mwenyewe. Ruhusa ya mwanawe pekee haitoshi.

Mvua ya masika huanza wakati wa Kwaresima, na huku Magharibi mwa Kenya hupenda kunyesha alasiri. Kwa hiyo sala ya Ijumaa za kawaida ikianza saa 11 jioni ianze kweli saa 11, kwa kuwa giza huingia kabla ya saa 2 usiku. Ijumaa Kuu anzeni saa 3 asubuhi. Jua bado halijawa kali, mvua kwa kawaida iko mbali, na watu watapata kupumzika kabla ya ibada ya Mateso ya Bwana, ambayo huwa saa 9 alasiri.

Msururu ukikanyaga barabara kuu, barua kutoka parokiani ipelekwe mapema kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na chifu na wazee wa mtaa wapewe habari. Wekeni vijana 4 wenye vizibao vinavyong'aa, wawili mbele na wawili nyuma. Tembeeni upande mmoja wa barabara. Kuziba njia nzima kwa saa 2 huwakasirisha wenye matatu, na ambulensi haiwezi kupita.

Msalaba, sauti na taa

Fundi wa mbao atumie saiprasi kavu ya inchi 2 kwa 3, mti wa wima mita 2 na wa kukingama mita 1.2. Utakuwa na uzito wa kilo 5 au 6, ambao hata mama mzee anaweza kuushika kwa hatua chache. Mbao mbichi au ya mkaratusi huongeza uzito sana. Kwenye maungio kila mbao ikatwe nusu ya unene wake zilaliane, kisha ifungwe kwa bolti. Misumari mitupu hulegea, na kufikia kituo cha 9 mkono wa msalaba unaning'inia. Upigwe msasa vizuri, maana vibanzi huumiza viganja. Pangeni wabebaji kwa kila kituo, na wabadilishane wakiwa wamesimama, kabla wimbo haujaanza.

Kipaza sauti kimoja mbele hakitoshi watu wakizidi 150. Wekeni kiongozi wa pili katikati ya msururu, mwenye kitabu hichohicho, anayerudia jina la kituo na kuongoza maitikio ya walio nyuma. Kiongozi wa mbele asiendelee mpaka asikie "Amina" ya nyuma. Kwaya nayo isikae mbele yote. Iwe katikati, la sivyo nyimbo huwa mbili zenye mwendo tofauti. Kinanda na ngoma viachwe, kwani sauti tupu huunganisha watu vizuri wakati huu. Betri za kipaza sauti ziwe mpya, na za akiba mfukoni.

Mishumaa ya wazi huzimwa na upepo. Tumieni taa 2 zenye kioo, moja kila upande wa msalaba.

Vijana mara nyingi huomba kuigiza mateso. Kwa jumuiya ndogo ni afadhali kuacha. Igizo huvuta macho kwa mwigizaji, watu hutoa simu kupiga picha, na kijana anayecheza askari akichochewa na kelele huweza kumpiga mwenzake kwelikweli. Parokia ikiamua liwepo, mijeledi iwe ya kitambaa na lirudiwe mara kadhaa mbele ya katekista.

Mfungo wa siku hiyo

Ijumaa Kuu, kama Jumatano ya Majivu, ni siku ya kufunga kwa wenye miaka 18 hadi wanapotimiza 59, na ya kuacha nyama kwa kila aliyetimiza miaka 14. Kufunga ni mlo kamili mmoja na vyakula vidogo viwili ambavyo kwa pamoja havifikii mlo kamili. Maji hayakatazwi. Wapo wanaotembea kwenye jua la Kisumu bila tone la maji wakidhani ndiyo sheria, na wao ndio huanguka kufikia kituo cha 11. Tengeni mitungi 2 ya maji njiani, kwenye kituo cha 5 na cha 10. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wanaomeza dawa pamoja na chakula hawafungwi na sheria hii, na kiongozi atangaze hivyo waziwazi Jumapili ya Matawi ili mtu asione haya kula.

Kuku ni nyama, hata kama amechinjwa kwa heshima ya mgeni. Mayai, maziwa na samaki vinaruhusiwa. Hata hivyo mbuta mzima wa kukaanga ni karamu kwa mtu wa ziwani. Omena kidogo, mrenda au maharagwe vinalingana zaidi na siku yenyewe.

Kumalizia

Kituo cha 14 kiwe kwenye uwanja wa kanisa. Baada yake msianze matangazo, michango wala kushukuru wafadhili. Kiongozi atamke jambo moja tu, saa ya ibada ya alasiri, kwa sababu wengi huamini Njia ya Msalaba imechukua nafasi yake na huenda nyumbani moja kwa moja. Siku hiyo hakuna Misa, bali kuna somo la Mateso, kuabudu Msalaba na Komunyo, na hakuna msururu wa barabarani unaoweza kuyafidia hayo. Watu watawanyike kimya.

Mwulizeni paroko kama ataka msalaba wenu kwa ajili ya kuabudiwa alasiri au atatumia ule wa kanisa. Kama si wenu, ukaushwe kwa kitambaa na ulazwe chali ndani ya stoo. Saiprasi iliyolowa ikiegemezwa ukutani nje hupinda, na mwaka ujao itabidi fundi aanze upya.