Kuuza Vifaa vya Keria za Zamani kwa Wenye Trela Ndogo za Kambi

Marekani na Kanada kuna watu wengi wanaokarabati trela ndogo za kulalia safarini: zile za plywood zenye umbo la tone la maji, zilizoanza kuonekana miaka ya 1930, na zile za faiba kama Boler, iliyozaliwa Winnipeg mwaka 1968, na Scamp, inayotengenezwa Backus, Minnesota. Wengi wao hutaka keria ya kubebea mtumbwi au baiskeli juu ya paa, tena hutaka iwe ya zama za trela yenyewe, kwa sababu keria mpya ya plastiki nyeusi juu ya trela ya mwaka 1972 huonekana kama helmeti ya bodaboda juu ya kanzu. Vifaa vya zamani bado vimelala katika magereji na kwenye minada ya majumbani, na Mswahili anayeishi huko anaweza kuvigeuza kuwa kipato cha pembeni, mradi aelewe kwamba mnunuzi analipia uhakika wa kwamba kifaa kitakaa mahali pake kikifika.

Magari ya zamani yalikuwa na mfereji wa maji ya mvua pembezoni mwa paa, na miguu ya keria ilibana pale. Magari mengi ya leo hayana mfereji huo, kwa hiyo miguu ya aina hiyo imeadimika madukani. Wenye trela hutafuta namna zao: wengine huongeza ukingo wa chuma ubavuni ili kibano kipate pa kushika, wengine huondoa kibano na kuufunga mguu kwa bolti moja kwa moja. Unaponunua, tafuta miguu minne inayolingana, yenye vibano na nati zake. Mguu mmoja peke yake humfaa mtu aliyepoteza mmoja tu, na kumngoja mtu huyo kunaweza kuchukua miaka.

Nenda mnadani na sumaku mfukoni. Ikishika, ni chuma cha kawaida, na kutu ya juu juu isikutishe. Isiposhika, upime uzito mkononi: alumini ni nyepesi, lakini kifaa kizito kisichoshikwa na sumaku huenda ni aloi ya zinki, ambayo ikizeeka huwa kama kigae. Kigeuze mwangani uangalie kuzunguka tundu la bolti, maana ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na rangi ya kromu huuficha vizuri. Chenye ufa usikiuze kwa kazi ya kubeba mzigo, hata mnunuzi akisema ataunga mwenyewe. Mpira wa chini ukiwa umekauka ukawa mgumu kama pembe, si hasara kubwa. Useme tu kwamba unahitaji kubadilishwa.

Katika kusafisha, uvivu kidogo ni sifa. Mafuta ya kulegeza kutu, siku mbili tatu za subira na brashi laini vinatosha. Bolti nyingi za zamani zilipakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo usizipige msasa wala mashine ya kusaga. Kwa maoni yangu, kifaa kilichong'arishwa hadi kikapoteza alama ya kiwanda kimepoteza sehemu ya thamani yake.

Kazi yenyewe hasa ni kupima. Nunua kalipa ya vernia, yaani rula yenye taya za kupimia kipenyo, na kipimo cha nyuzi za bolti, kwa sababu vifaa vya Marekani hufuata inchi na vya Ulaya hufuata milimita, na vingine vimekaribiana mno. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, ilhali ya M8, yaani ile ya kipimo cha milimita, ina 8. Kwa macho ni pacha. Ila ile ya inchi yenye nyuzi pana ina nyuzi 18 katika kila inchi, wakati nyuzi za kawaida za M8 zimeachana kwa milimita 1.25, kwa hiyo nati ya moja ikiwekwa kwenye nyingine huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza ghafla. Niliwahi kutuma seti ya miguu minne yenye nati ambazo mwenye kwanza alizichanganya, nami sikuzijaribu zote. Mnunuzi akalazimisha kwa spana, nyuzi zikaliwa, nami nikarudisha fedha yote pamoja na nauli ya posta. Tangu siku hiyo kila nati huizungusha kwa vidole mpaka mwisho kabla sijapiga picha.

Katika tangazo, andika upana wa mdomo wa kibano, urefu wa mguu, kipenyo na nyuzi za kila bolti, na uzito. Piga picha ya kila mguu pande zote, ukiweka rula kando, na kasoro uipige kwa karibu kuliko uzuri. Bei uichukue kwenye orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, ambayo eBay huionyesha, kwani bei ya kuombwa ni ndoto ya muuzaji. Usitaje kamwe uzito ambao keria inaweza kubeba, isipokuwa kibandiko cha kiwanda bado kipo na unaweza kukipiga picha. Trela ya plywood hubeba mzigo vizuri pale mguu unaposimama juu ya ukuta. Paa la faiba hupinda likielemewa katikati, na hilo muuzaji hawezi kulidhamini kutoka mbali.

Miguu na vibano vitume kwa kisanduku cha bei moja cha USPS, posta ya Marekani, ambacho ndani ya Marekani hupokea hadi pauni 70 kwa nauli ileile. Vyuma vya kukingama, vile virefu vinavyolala juu ya miguu kukatiza paa, ni habari nyingine: kifurushi chenye urefu unaozidi inchi 22 hutozwa ada ya ziada, na kinachozidi 30 hutozwa kubwa zaidi, kwa hiyo heri uviuze kwa mtu wa karibu atakayevifuata mwenyewe. Nati na washa za kila mguu zitie katika mfuko wake, uufunge kwenye mguu huohuo kwa waya, na ndani ya mfuko uweke karatasi yenye vipimo ulivyoandika katika tangazo.