Kundi la ukoo: namna ya kumsikia kila mtu

Huu ni mwaka wa sita nikiwa adimini wa kundi la WhatsApp la ukoo wetu hapa Tanga. Tuko themanini na kitu. Ukitaka kundi la namna hii lisiwe la watu watano wanaojibizana peke yao, anza kwa kujua kila mtu anaingia kwa njia gani.

Wazee wengi hawaandiki, wanasema. Shangazi yangu akishika kile kipaza sauti haachii mpaka dakika nne, na salamu peke yake inakula dakika nzima. Msikilize mpaka mwisho, kisha andika chini yake: "Shangazi anasema arobaini iwe Jumapili, na mchele kilo 20 anatoa yeye." Yeye mwenyewe mjibu kwa sauti. Nilipoanza hivyo, wazee watatu waliokuwa kimya mwaka mzima nao wakaanza kusema.

Tunaowasahau zaidi ni wenye bando la siku. Mwaka juzi tulituma kadi ya arusi kwa picha, tukaona yatosha. Simu ya binamu yangu haifungui picha mpaka aigonge, na bando lilikuwa limekata. Akafika siku ya pili yake, kitenge kipya mwilini, akakuta wanateremsha maturubai. Mpaka leo inaniuma. Tangu hapo kila tangazo naliandika kwa maneno: siku, saa, mahali, mchango. Picha itafuata.

Vijana ukiwauliza "mnaonaje?" hawajibu mbele ya wakubwa. Ni adabu hiyo, wala si dharau. Waundie kura yenye machaguo mawili au matatu. Majina ya waliopiga yanaonekana, lakini kugonga ni kwepesi kuliko kumpinga baba mkubwa kwa maneno.

Walioko Muscat wametutangulia saa moja, na Ijumaa kwao ni mapumziko. Mambo ya michango yaweke siku hiyo.

Halafu kuna bibi wa Pangani, mwenye kitochi. Hayumo kundini, ila neno lake ndilo zito kuliko yetu sote. Mjukuu anayekaa naye humsomea kila jioni, kisha hutuandikia alivyosema. Jibu la bibi likifika, libandike juu kwa siku 7, lisije likazama chini ya stika za asubuhi njema.