Dishi moja, setilaiti mbili au tatu: jinsi ya kulielekeza ukiwa ughaibuni

Ndugu zangu mlioko nje, kabla hujapanda ngazi na spana mkononi kaa chini kwanza uamue unataka kushika setilaiti zipi, maana hapo ndipo watu wetu wanapoteza hela. Wengi wanaulizia chaneli za nyumbani. Jamani, dishi kuielekea setilaiti ni jambo moja na kupata matangazo yake ni jambo lingine. Chukua Azam TV, inarushwa kutoka digrii 7 mashariki, na ukiwa Ujerumani unaweza kabisa kulenga hiyo nafasi angani bila shida, ila miale inayobeba hizo chaneli imeelekezwa Afrika, huko uliko haifiki, kwa hiyo hata ubebe king'amuzi na kadi yako kwenye begi utaambulia skrini nyeusi tu. Setilaiti moja ina miale kadhaa na kila mmoja una eneo lake. Ingia LyngSat, tovuti inayoorodhesha chaneli za setilaiti, angalia chaneli unayoitaka iko kwenye mwale upi, halafu ndio ununue vifaa.

Kwa mlioko Ulaya, jozi inayowezekana kirahisi ni Astra 19.2 mashariki na Hot Bird 13 mashariki, zote zina chaneli nyingi za bure. Uingereza watu wanatumia zaidi 28.2 mashariki. Mlioko Ghuba mnajua Badr 26 mashariki na Nilesat 7 magharibi, lakini hizo mbili zimeachana digrii 33, dishi moja la kawaida lisiloendeshwa na mota haliziwezi, hapo weka madishi mawili uyaunganishe kwenye swichi moja ya DiSEqC, kile kifaa kinachoiwezesha risiva kuchagua setilaiti, yaishe.

Halafu sahau kidogo tulivyozoea kwetu karibu na ikweta ambako dishi linatazama juu sana. Setilaiti hizi zote ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo ukiwa Ulaya unatazama kusini na setilaiti iko chini chini. Kutoka London ile ya 28.2 iko kama digrii 25 tu juu ya upeo, na kutoka Dubai Nilesat iko chini zaidi, kama 17. Mti wa jirani au ghorofa la mbele linatosha kukuharibia kila kitu, na ukifunga wakati wa baridi miti haina majani, kumbuka majani yatarudi. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujatoboa ukuta.

Haya, sasa kazi yenyewe. Bomba linaloshika dishi lazima lisimame wima kabisa, pima kwa pimamaji pande mbili, bomba likiinama namba zote zilizoandikwa kwenye braketi zinakuwa uongo. Usiamini macho pia, haya madishi ambayo LNB yake (kile kichwa kinachopokea mawimbi) inakaa chini ya katikati yanaonekana kama yametazama ukuta wa mbele wakati kumbe yanaangalia juu zaidi, wewe fuata skeli ya braketi. Mwelekeo utaupata kwenye app ya simu, ila dira ya simu ikikaribia chuma inadanganya, sogea mbali na dishi uchague kitu cha kulenga kule mbele, paa au nguzo fulani.

Kila setilaiti inahitaji LNB yake, ila dishi lina kitovu kimoja tu, na LNB iliyokaa hapo ndiyo inayopata mawimbi yote vizuri, zile za pembeni zinapungukiwa. Kwa hiyo katikati mpe setilaiti iliyo dhaifu kwenu, yenye nguvu iende pembeni. Wengi wanafanya kinyume, wanaweka ile wanayoipenda katikati halafu mvua ikinyesha ile nyingine inapotea wanalaumu LNB. Kwa setilaiti mbili dishi la sentimita 80 au 90 linatosha sehemu nyingi.

Anza na ya katikati peke yake, waya moja kwa moja hadi kwenye risiva, swichi weka kando kabisa. Chagua frikwensi moja unayoijua, kwa 19.2 tumia 11494 mlalo (H kwenye menyu), simboreti, yaani kasi ya data, 22000. Kwenye risiva kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Ule wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likitazama ukuta, usikuhangaishe, tazama ubora tu. Sogeza dishi kidogo sana, subiri sekunde mbili tatu, sogeza tena, maana risiva inachelewa kusoma na ukizungusha haraka unaipita setilaiti bila kujua. Ukiishapata, zungusha LNB yenyewe ndani ya kishikio taratibu mpaka ubora ufike juu, kisha kaza nati zamu kwa zamu huku unatazama namba. Risiva iwe imezimwa kila unapochomoa waya, kuna volti 13 au 18 mle na shoti inaweza kuiua.

Baada ya hapo dishi halisogezwi tena. LNB ya pili ndiyo inayotembea. Na upande ni kinyume na unavyodhani, dishi linarudisha mawimbi kama kioo, kwa hiyo setilaiti iliyo magharibi LNB yake inakaa upande wa mashariki. Kama 19.2 iko katikati, ya Hot Bird inawekwa mashariki yake, sentimita 6 hivi kutoka kati hadi kati kwa dishi la 80, halafu unacheza na milimita, ndani nje, juu chini. Setilaiti zilizokaribiana digrii 3 LNB za kawaida zinagongana, tafuta zile nyembamba.

Mwisho rudisha swichi ya DiSEqC. LNB ya kwanza tundu A, ya pili B, na kwenye menyu kila setilaiti ipewe herufi yake. Ukiskani Hot Bird zikaja chaneli za Kijerumani za Astra ujue umebadilisha herufi, hakuna haja ya kupanda tena juu. Ikigoma kabisa angalia konekta, unyuzi mmoja wa ule wavu wa chuma ulio ndani ya waya ukigusa shaba ya kati unaua kila kitu. Funga tepu ya mpira isiyopitisha maji, na uache waya uning'inie kidogo kama kitanzi kabla haujaingia ukutani ili maji yadondokee nje.