Borrow na lend: mtafute mwenye kitu
Wengi husema “Borrow me your pen”, na chanzo cha kosa kinajulikana: kuazima kwetu hubeba pande zote mbili. Niazime kalamu, nimeazima kalamu. Kiingereza hutenganisha. Mwenye kitu ndiye hu-lend, anayekichukua ndiye hu-borrow.

Kabla ya kusema, angalia mtendaji. Ukianza na “Can you”, fuatisha lend: “Can you lend me 5,000 shillings?” Ukianza na “Can I”, fuatisha borrow, na mtu aje baada ya from: “Can I borrow it from you?” Hapo ndipo “borrow me” inapoharibika. Wakati uliopita ni lent, si “lended”.

Borrow imetokana na borgian ya Kiingereza cha kale, yenye mzizi mmoja na neno la dhamana. Ndugu yake wa Kijerumani, borgen, bado huenda pande zote kama kuazima. Lend ilikuwa lænan. D yake ilihamia kutoka umbo la wakati uliopita.

Choo cha mwenyeji usiki-borrow. Sema “Can I use your toilet?”, maana huondoki nacho.